Glasi Zilizofunikwa

Mjukuu wangu Makena,

Bwana asifiwe, mama. Hapa mjini Crystal, Amerika, tu wazima. Babu yako anakoroga uji huku akiitukana theluji, nami namwombea.

Umeniuliza kama wenzako wa chuo huko Uingereza wanakusengenya wanapotoka nje ya baa kuvuta sigara, wakikuacha ndani na soda yako. Hata mimi ningeshuku.

Kabla ya kuja Amerika nilikuwa nikikusanya glasi katika baa moja huko huko Uingereza. Sheria ilipokataza sigara ndani, wateja wakawa wanatoka nje kuvuta, na kila mmoja anafunika bia yake kwa kile kikadibodi cha kuwekea glasi. Unajua kwetu anayefunika kinywaji anaogopa kutiliwa sumu. Na Mwafrika pale nilikuwa mimi peke yangu! Niliumia sana, nikaamua kuacha kazi.

Siku hiyo nikamkabili mzee mmoja, mteja wa kila siku. "Kwani mimi ni mchawi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Tunafunika ili usizimwage, dada! Maana yake bado tunakunywa. Hebu njoo nje uwaulize wenzangu."

Nikatoka. Walikuwa wanabishana goti la nani linauma zaidi, wakanisogezea nafasi ukutani. Kazi sikuacha.

Kwa hiyo vaa koti, utoke nao, na usivute. Ila wakinyamaza ghafla ukifika, niandikie upesi, nianze kufunga na kuomba.

Nyanya yako akupendaye