Kushona Bila Kuingiza Mkono

Jumatatu, 14/10/2024

Mpangaji wangu, Daktari Claudia, yuko barazani na boksi. Katoni tu, ina matundu mawili, ndani kaweka kamera. Anaingiza makoleo mawili membamba, marefu kama mshale, anashona humo ndani huku anatazama tivii! Mikono haitazami kabisa. Anasema anajifunza kushona kizazi kupitia vitundu vya tumboni, bila kumpasua mtu. Nikamwambia mimi nimeshona midomo ya magunia ya korosho miaka arobaini, maghala ya Masasi mpaka Newala, na hakuna gunia langu lililomwaga. Akasema shikamoo fundi, karibu ujaribu. Nikakataa. Sishindani na watoto.

Jumatano, 16/10/2024

Huruma, mwanangu wa mwisho, kaja kutoka Chiungutwa na mumewe Gideoni. Lile lile. Ana uvimbe kwenye kizazi, miaka saba ya ndoa hana mtoto. Claudia na mwalimu wake wa Dar wanataka kutoa uvimbe, kizazi wakishone kibaki. Huruma hataki kwenda bila radhi yangu. Nimesema hapana! Dada yake Stamili walimpasua, akarudi hana kizazi. Huruma akalia. Nikasema atakayemshona mwanangu anishinde mimi kwanza. Claudia akacheka. Akasema haya Baba Huruma, kesho lete mabibo, yale matunda ya korosho, tushindane kushona.

Alhamisi, 17/10/2024

Mabibo kumi nimeyaharibu. Kumi! Claudia analichana bibo kidogo, analiweka ndani ya boksi, mimi nishone. Nikipeleka mkono kulia, ncha inakwenda kushoto. Nikiinua, inashuka. Sindano imepinda kama ukucha wa paka. Saa nzima, fundo moja! Nikalikaza kama la gunia, kwa nguvu zangu. Bibo likapasuka, maji yote chini.

Claudia akasema, "Baba Huruma, hili si gunia. Kizazi ni nyama hai. Ukiinyonga inakufa. Unaikutanisha tu, basi."

Akashona yeye. Mafundo matano, taratibu. Nikalichukua bibo, nikaliminya. Wapi! Hata tone.

Sijaona kitu kama hicho. Na mimi nimeona mengi.

Jumamosi, 19/10/2024

Nimemwuliza kizazi kina ukubwa gani. Akanionyesha video. Kumbe kidogo vile! Kama bibo. Cha waridi, kinang'aa, kinacheza kidogo mtu anapopumua. Mimi nilikaa humo. Marehemu kaka yangu, na kimo chake kile, alikaa humo. Chai ikapoa mkononi.

Nikampigia Huruma. Nikasema nenda, radhi yangu nimekupa. Akauliza, "Baba, unaumwa?"

Jumanne, 12/11/2024

Hospitali. Huruma kaingia chumba cha upasuaji saa tatu. Gideoni anatikisa mguu, benchi zima linatikisika. Akina mama waliokaa hapa nimewaeleza kazi yote, vitundu, tivii, makoleo. Mmoja kaniita daktari. Sikumkatalia.

Saa tano na nusu. Nesi katoka. Uvimbe umetoka, mkubwa kama ngumi. Damu ipo lakini si ya kutisha. Mwalimu kamwachia Claudia sindano. Sasa hivi anashona.

Gideoni kaanza kusali kwa sauti. Nikamwambia nyamaza, utampotezea fundo. Akasema Baba, kuna ukuta hapa, na milango miwili.

Najua kuna ukuta. Wewe nyamaza tu, mpaka afunge fundo la mwisho.