Mlango wa Nsengimana

Ghati, acha kila kitu usome! Natoka kwa bibi Esteri sasa hivi, amenisimulia jambo.

Unaujua ule mlango wa chuma nyumbani kwake Nyakitonto? Miaka ya tisini majambazi wenye silaha walipotuandama, marehemu mumewe Nsengimana aliuchomelea mwenyewe. Mtaa mzima ukawa unalala kwake!

Siku moja akamwita Dionis, askari wa wanyamapori, aujaribu. Wakaung'oa, wakauegemeza kwenye kichuguu. Gobore likauachia doa tu. Risasi ya bunduki ya SMG ikaubonyeza, haikupenya. Nsengimana akaruka kwa furaha: "Umeona, afande? Waje sasa!"

Dionis hakucheka. Akachukua bunduki ya masafa marefu, akarudi nyuma hadi mwisho wa shamba la mihogo. Risasi moja. Ikatoboa, Ghati! Ikatoboa mlango ikazama kwenye kichuguu!

Nsengimana akatia kidole kwenye tundu. Kikapita chote.

"Na wao wanazo hizi?"

"Wanazo."

Jioni, mlango umesharudishwa mahali pake, majirani wakaja na mikeka yao, watoto mgongoni. Esteri akamnong'oneza mumewe, "Tuwaambie?"

"Tuwaambie waende wapi, mama?"

Nsengimana akawahesabu hadi wote wakaingia, akasukuma komeo.