Askari Wasiomjua Lesieli

Sydney, 14 Agosti. Mwezi wa saba tangu niondoke kisiwani kwetu Haapai.

Shangazi Ungatea,

Nakuamkia kwa heshima. Goti limepoa? Viazi vikuu vimeshika? Mimi mzima, ila mgongo umechoka na machungwa ya watu, na mawazo yote yako hospitalini.

Ulisikia dada yangu Lesieli anaumwa damu. Kumbe tatizo ni uboho, ule wa ndani ya mfupa tunaoufyonza kwenye nguruwe wa Jumapili. Daktari wa hapa alisema humo huzaliwa askari wote wa mwili. Wengine hukomaa humo humo. Wengine huhamia wachanga kwenye tezi nyuma ya kidari, wafundwe kumtambua mwenye nyumba. Atakayemrukia huuawa kabla hajahitimu. Uboho wa Lesieli ulizaa askari wabovu, madaktari wakauua wote kwa dawa. Uboho wangu ndio unaolingana naye, hivyo wachote kwangu wamtie.

Tatizo, daktari alitueleza tukiwa chumba kimoja. Unajua kwa mila yetu sijakaa chumba kimoja na dada tangu nibalehe, sembuse kusikia habari za mwili wake. Nilisikia kwamba askari wangu wanaweza kumwona dada kama mgeni, wakamshambulia. Alipoanza kutaja tumbo lake, nikatoka kwa adabu. Nikabaki na nusu hiyo. Mimi nisiyethubutu kukalia mkeka wake, nimpelekee wauaji?

Jana asubuhi, siku ya kuchotwa, nilikimbia. Fisilau, ninayechuma naye machungwa, alinikuta kituo cha basi nangoja la kurudi shambani, akanicheka eti jitu zima linaogopa sindano. Kisha akanipa ujumbe aliotumwa na dada: ningebaki chumbani ningesikia kuna dawa ya kuwatuliza hao askari mpaka wamzoee, na yeye sasa hana hata askari mmoja, mafua tu yanatosha kumzika. Tena, dada aliuliza, tangu lini mimi nikawa na askari wakali, nami hata jogoo wa jirani hunikimbiza?

Nilirudi. Shangazi, ruhusa ya mambo ya mwiko kama haya ilikuwa yako, wewe dada wa baba, sikuingoja. Walinichota nyongani, wakamtia. Kisha nikavaa barakoa na glavu, nikaingia kwake, nikamshika mkono. Hakunifukuza. Leo ana homa, na daktari anasema ni mapema mno kujua ya nini. Naogopa, Shangazi. Tuombee.

Wasalimie wote. Nitarudi Novemba, mkataba ukiisha. Ukituona tunashuka wawili, bega kwa bega, usinikemee mbele za watu.

Mtoto wa kaka yako,
Pauliasi