Kumpeleka Yaya Mlimani

Jumatatu, 12 Mei

Shifti ya asubuhi. Wazee kumi na mmoja wa kuamsha, kuogesha na kuvisha. Nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kama kawaida. Wenzangu kwenye nyumba hii ya wazee ya Maple Grove wanadhani nafanya mazoezi. Waache wadhani hivyo.

Saa ya kula, dada yangu mkubwa, Yaya Neema, akapiga simu kutoka Austria. Yaya hasemi "habari gani", anatangaza tu. Anaolewa! Miaka hamsini na miwili, mjane tangu tukiwa kambi ya wakimbizi, na anaolewa. Nilipiga kelele hadi muuguzi akaja kuchungulia.

Bwana harusi ni Josef, anayeendesha teleferiki, gari la waya la kupandia mlimani, pale mjini kwao, Innsbruck. Yaya anapika kwenye mgahawa wa juu mlimani. Kwa hiyo miaka kumi na moja sasa Josef anampandisha asubuhi na kumshusha jioni. Miaka saba walisalimiana tu. Wa nane wakaanza kuzungumza.

Halafu akasema harusi itafungwa kileleni. Baba hayupo, basi mimi ndiye nitakayempeleka kwa mume. Nitapanda naye kutoka mjini, mkono kwa mkono, ndani ya kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya.

Nikasema ndiyo.

Nimesema ndiyo! Hakuna kitu ninachokiogopa duniani kama kuning'inia.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimemwambia Espérance. Mke wangu miaka kumi na mitano, na alikuwa hajui. Alicheka. Akaona mimi sicheki, akaacha.

Anauliza, mtu wa Uvira, mlima uko nyuma ya nyumba yenu, unaogopaje mlima? Siogopi mlima. Mlima unaukanyaga. Naogopa kuwa na hewa chini ya viatu. Sijawahi kuanguka popote, sina kisa cha kusimulia. Nimekuwa hivi tangu utoto. Ndege naimudu nikikaa mbali na dirisha, blanketi usoni.

Anataka nimwambie Yaya ukweli. Siwezi. Tulipokimbia vita nilikuwa na miaka kumi na miwili, mguu umevimba, mama amekwisha kufa. Yaya alinibeba mgongoni siku mbili. Tangu siku ile hajawahi kuniomba kitu. Hili ndilo la kwanza.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya ibada Espérance akanipeleka katikati ya Minneapolis, kwenye jengo lenye lifti ya vioo. Mazoezi. Nilifika ghorofa ya nne, nikatoka. Nikashuka kwa ngazi, shati limelowa. Yeye akaenda hadi juu kabisa, akarudi, akaenda tena. Ameipenda sana. Nilimkasirikia bure.

Njoroge, Mkenya tunayefanya naye kazi, ndiye mwingine anayejua. "Si ni dakika chache tu, buda? Unafunga macho, unafika." Yeye alifundishwa ku-drive kwenye barafu na shangazi yake, haogopi chochote.

Tumepitia kwa fundi Brooklyn Center. Vitenge vya sare viko tayari, vya kijani na njano. Shati la Josef pia. Espérance amelipenda gauni lake, amelivaa jikoni jioni nzima.

Jumanne, 10 Juni

Tunaondoka leo. Masanduku mawili, moja lote ni vitenge. Sijala kitu.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwona Yaya!

Miaka kumi na minne. Alisimama mwisho wa jukwaa la treni, amenenepa, nywele zimeanza mvi, mikono imeinuliwa juu kama anasimamisha gari. Nilikimbia. Mtu mzima, na sanduku, nimekimbia. Tukakumbatiana. Espérance alisimama pembeni akilia na kucheka. Kisha Yaya akanishika mashavu: "Mudogo yangu, mbona umekonda hivi? Hawakulishi kule?" Na sijakonda.

Josef ni mrefu, kimya, mikono mikubwa. Amejifunza neno moja la Kiswahili. "Shemeji," akaniambia, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Mji umekaa chini kabisa na milima imesimama juu yake. Ukitoka dukani na mkate wako, theluji iko juu ya mapaa. Niliuona waya. Mwembamba, unapanda, unapotelea mawinguni. Nikatazama viatu vyangu.

Alhamisi, 12 Juni

Niliamka alfajiri nikiwa na wazo zuri. Kama watu wanajengewa teleferiki, basi pia kuna njia ya miguu. Nikaitafuta, nikaipata, nikapanda. Msitu, kisha majani, kisha mawe. Saa nne hivi za kupanda. Miguu yangu ilikumbuka kazi yake, nilikuwa na furaha kama mtoto. Nikafika kituo cha katikati cha teleferiki, nikaingia mgahawani kwa Yaya. Yaya alikuwa jikoni na aproni yake, anamalizia zamu za mwisho kabla ya likizo ya harusi.

"Umepanda na ya saa ngapi?" akauliza.

"Nimepanda kwa miguu."

Akaweka kisu chini. Akaniangalia viatu, matope mpaka magotini. Akaniangalia uso. Aliyenilea hana haja ya kuelezwa.

"Amani. Unaogopa."

Nikamwambia yote. Lifti, ngazi za kazini, blanketi ya ndege. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akafuta mikono, akasema, "Basi. Jumamosi tutapanda kwa miguu, mimi na wewe. Tutatoka mapema." Akarudi kwenye vitunguu vyake, mambo yamekwisha.

Goti lake la kulia ni bovu. Anapanda kitandani kwa kuegemea ukuta. Nilimwona jana.

Nilishuka pia kwa miguu. Sasa mapaja yanauma na aibu inauma zaidi.

Ijumaa, 13 Juni

Josef ameambiwa. Hakunibembeleza. Alinichukua mpaka kituoni, akanionyesha gurudumu kubwa, breki, waya, halafu breki nyingine. Kila kitu alikigusa kwanza yeye, kisha akanishika mkono nami nikiguse. Waya ni mnene kuliko kifundo changu cha mkono. Kutoka mbali ulidanganya. Nilimshukuru. Kibanda kilipoingia kikiyumba, nilirudi nyuma hatua tatu. Aliona. Akatazama pembeni, kwa heshima.

Mchana nilirudi kwa Yaya, mlango wa chini ulikuwa wazi. Alikuwa amevaa gauni la harusi, jeupe, na chini yake mabuti ya mlima aliyoazima kwa jirani. Anapanda ngazi za jengo. Anapanda tatu, anasimama, anashika goti, anapumua. Anapanda tatu nyingine. Hakuniona.

Nimetoka nje, nimekaa kwenye benchi. Nimejichukia sana.

Jumamosi, 14 Juni

Saa moja asubuhi. Nimegonga kwa Yaya, nimemwambia avue mabuti. Avae viatu vyake vya harusi. Akauliza, una hakika? Nikasema hapana, lakini vivue.

Jioni. Naandika haraka, kwa furaha.

Kwanza kuna treni ndogo ya kupandia. Hiyo haina neno, iko chini. Kisha teleferiki. Mlango ulifunguliwa na mtu mwingine, rafiki wa Josef, kwa sababu Josef alitangulia juu kusubiri. Watu wetu wa kanisa la Yaya waliingia, kina mama kumi hivi na vitenge vyao. Watalii pia. Mimi nikasimama mlangoni. Miguu ilikataa. Kweli ilikataa, kama ya mtu mwingine. Kibanda kile kikaondoka na wenzetu, tukabaki mimi, Yaya na Espérance. Wapita njia wakimtazama bibi harusi aliyeachwa na gari.

Yaya hakunivuta. Alisema, "Kinakuja kingine. Mimi leo sina haraka."

Kilipokuja, niliingia. Sijui niliingiaje. Nilifumba macho, nikamshika Yaya mkono, sakafu ikaondoka. Nikaanza kuimba, besi, wimbo wa Jumapili, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Espérance akaingia na alto. Yaya akafuata. Watu wasiojua neno lolote wakaanza kupiga makofi.

Tulipopita mnara unaoshikilia waya, kibanda kikaruka na kuyumba. Nikapiga kelele, "Yesu wangu!" Wote wakacheka, hata Yaya, anacheka mpaka shela linamtoka. Na mimi nikafumbua macho ili nione wanachocheka.

Nikaona.

Mji wote chini, mto wake wa kijani, makanisa madogo kama ya kuchezea. Kondoo kwenye mteremko. Kivuli chetu kinapanda nyasini. Na sikufa. Nilishangaa sana kwamba sikufa. Nikamwambia Yaya, "Tazama, tazama kondoo!" kama vile hajawaona kila siku kwa miaka kumi na moja.

Kibanda cha pili, cha kwenda kileleni, nilikaa dirishani. Nalia, sijali.

Juu kuna baridi, mabaka ya theluji na upepo. Josef amesimama kwenye jiwe, shati la kijani na njano, limembana mabegani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote. Nikasema tu, "Josef, huyu ni dada yangu na ndiye aliyenilea. Nimekuletea." Yaya akatafsiri mwenyewe. Vigelegele vikapigwa, milima ikavirudisha. Mchungaji akasubiri tumalize, hatukumaliza, akawafungisha ndoa hivyo hivyo.

Chini, mgahawani, tulikula sombe ya majani ya muhogo na ugali wa fufu. Mzee mmoja wa Kiaustria akaongeza mara tatu. Tulicheza mpaka kibanda cha mwisho. Kabla ya hapo nilipanda kileleni tena, mara mbili, bila sababu. Espérance amechoka nami.

Jumatatu, 23 Juni

Nimerudi kazini. Mvua tangu asubuhi. Yaya ametuma picha, yuko jikoni, pete kidoleni, unga usoni.

Mzee wa chumba cha kona, aliyewahi kuwa seremala, aliniuliza nilikuwa wapi siku zote hizi. Leo hakuna mwingine aliyekuwa akisubiri kulishwa, nikavuta kiti. Nikamsimulia kwa Kiingereza changu, taratibu, huku nampa uji. Treni ndogo. Mlango. Makofi. Alisinzia kabla hatujapita mnara.

Nikaendelea. Kwa Kiswahili sasa, kwa sauti ya chini, mpaka Josef kwenye jiwe. Kisha nikamfunika miguu, nikaenda chumba kinachofuata.