Pilau Iliyonitoa Chuoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka huku ughaibuni, Auburn. Ami yako mzima, na mimi magoti yamegoma ila uzuri bado upo. Umeniuliza ufanyeje, maana wenzako wa bweni wanakucheka hujui kupika.

Mimi nilijua, tena kuliko wote. Chuoni kwetu Tanga, tulikokuwa wasichana tunasomea ualimu, siku ya wazazi tuliwapikia wageni. Asha aliunguza wali, tukamcheka. Pilau yangu mkuu wa chuo alilamba kijiko. Rafiki wa baba akanawa mikono, akasema, "Mzee mwenzangu, huyu ameshahitimu. Na mimi nina kijana anatafuta mke." Baba akacheka. Mimi nilidhani nasifiwa, nikawaongezea nyama.

Likizo ile ilipokwisha, sikurudi chuoni. Asha alirudi na wali wake mbichi juu, chini umeungua, akaja kuwa mwalimu mkuu.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikula vizuri maisha yake yote. Hata hapa msikitini wakionja pilau yangu huniuliza, "Bibi, umesomea wapi?" Nawachekea tu.

Waache wacheke, mama. Wali ukiungua, kula ukoko wako, ukasome.

Bibi yako, mpishi asiye na mfano,
Mwanaidi