Fuwele za Ute wa Yai

Dada, usicheke. Nimejifungia chooni hapa kazini.

Unakumbuka zile fuwele nilizokutumia picha, nikakwambia ndiyo ile protini inayomuumiza shangazi? Leo nimeonyesha umbo lake, nililolisoma kwenye fuwele hizo, mbele ya maabara nzima. Kifua mbele! Eti tukishajua umbo, tumejua dawa ishike wapi.

Profesa akatazama weee, kisha akaniuliza kwa upole, "Wale bakteria waliokutengenezea protini, uliwapasua kwa kutumia nini?"

Nikamwambia, kwa protini ya ute wa yai, kama kawaida yetu.

"Ukaisafisha ikatoka yote?"

Nikapekua daftari langu la maabara. Dada, hatua hiyo HAIMO.

"Basi ndiyo iliyoganda ikawa fuwele. Umetuletea yai."

Yai!! Miezi yote ile nimeatamia yai! Umbo la protini hiyo ya ute liko vitabuni tangu hatujazaliwa. Watu wakainamisha vichwa, hata kunicheka wakanionea huruma. Heri wangecheka.

Lakini si hilo lililonileta chooni. Nilipokuwa nachomoa kompyuta, ujumbe wa sauti wa shangazi ukaingia kutoka hospitali: "Mwanangu, nimewaambia wodi nzima. Tunakusubiri."