Ulisema Randa, Wakasikia Rangi

Kijiji cha Didia,
Shinyanga.
22 Septemba, 1996

Mpendwa Kaka Makoye,

Shikamoo. Na kwa salamu ya Kisukuma chetu, mwangaluka huko machimboni Nyarugusu. Afya yako ikoje? Vumbi la mawe halijakukaba koo? Huku tunasikia wachimbaji mnakunywa soda asubuhi badala ya chai. Kama ni kweli, mtukumbuke na sisi watu wa uji. Mimi ni mzima kabisa, na nimekupita urefu. Ukija utanisalimia umeinua kidevu.

Mama hajambo, ng'ombe hawajambo. Bibi Mbuke naye hajambo, ila kifua. Hicho kifua ndicho kimenishikisha kalamu kwa hasira, kwa hiyo mwandiko ukipinda usicheke. Darasa langu la tano unalijua.

Kaka, huyo Valerian, utingo uliyempa maagizo, ukimpa mbuzi atafikisha mkia! Mimi naapa ulimwambia madirisha yapigwe randa. Si wewe Pasaka ulilisukuma la chumba cha Bibi kwa bega, ukasema limevimba ubavu, linakwaruza fremu? Sasa mwenzio hapa hata hakushuka. Alipayuka kutoka juu ya lori, injini inanguruma: "Makoye kasema madirisha yapigwe rangi!" Baba mdogo Masele akaitikia, "Rangi! Nimesikia!" Alifurahi kama kaambiwa aoe tena.

Akapaka. Rangi ya mafuta, ya bluu, ndani na nje, madirisha yote yakiwa yamefungwa! Hakusaza bawaba, hakusaza komeo. Ilipokauka, madirisha ya mninga aliyoyaacha marehemu baba yakawa ukuta. Wapita njia wanaisifu nyumba, na sisi tuliomo tunakaangwa kama karanga.

Bibi anakohoa humo gizani mpaka namshika mgongo. Hewa haipiti, kaka. Nikamwomba Baba mdogo ruhusa nikwangue. Unajua alichonijibu? "Fundi gani wewe, hata kigoda chako kinayumba! Hiyo ni rangi ya Makoye. Haikwanguliwi mpaka Makoye mwenyewe aseme." Kigoda changu hakiyumbi. Sakafu ndiyo imebonyea.

Nikarudi uani kwa heshima, siyo kwa woga. Jana alipoondoka kwenda mnadani, nikaazima randa kwa Donatus seremala. Nikapitisha kisu kati ya ubao na fremu, nikang'oa bawaba, nikalilaza dirisha la Bibi uani. Ungeniona! Randa inaimba, maranda yanajikunja mekundu miguuni, watoto wanagombania. Ule ubavu uliovimba nikaupunguza kidogo kidogo, narudisha najaribu, narudisha najaribu, mwisho nikausugua kwa mshumaa. Sasa linafunguka kwa kidole kimoja. Donatus alikuja kufuata randa yake, akalisukuma, akaguna. Na Donatus haguni bure.

Baba mdogo aliporudi akauona ubavu hauna bluu, akawaka. Ati nimeharibu mali ya watu! Akabeba nyundo na misumari, alipigilie dirisha hadi neno lako lifike. Mimi nikasimama mlangoni, lakini aliyemweza siyo mimi. Bibi alikuwa amekaa kitandani, dirisha li wazi. Akanyoosha mkono, akaulaza juu ya fremu.

"Haya Masele, pigilia. Anza na huu."

"Mayu, toa mkono," akambembeleza mama yake. "Watu wanatuona!"

"Si ulipaka ili watuone?"

Mpaka naandika hapa, mkono haujatoka. Baba mdogo anaizunguka nyumba na nyundo yake, anasema anangoja neno lako tu. Bibi amekula kwa mkono wa kushoto, yeye aliyetuchapa sote kwa kula hivyo! Lakini usiku alilala, kaka. Hakukohoa.

Kwa hiyo usinijibu mambo mengi. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa: RANDA. Weka jina lako chini. Tia posta, na usithubutu kumpa Valerian. Kama kweli nyumba ni ya baba yetu, mtu asipigiliwe humo kama yai ndani ya kuku.

Nisalimie shemeji Esta, na umbusu mwanao kwa niaba yangu. Mama anasema msiingie shimoni na hasira. Mungu ayashikilie mashimo yenu yasiwafunike.

Bibi anakubariki kwa mkono mmoja. Ule mwingine una kazi.

Wako akupendaye, hata ukichelewa kujibu,
Maduhu